Malalamiko ya Fundi wa Kamba Juu ya Tangi la Mvua

Rughenda, Butembo
Alhamisi

Kwa Shemeji Débora,
Présidente wa chama cha akina mama wa mtaa wetu,

Pokea salamu na heshima zinazokustahili kama dada mkubwa wa mke wangu. Mimi, Kambere Maliro, ni fundi wa kamba za kubebea mizigo, zile ambazo mwanamke huvalia kwenye paji la uso huku bidoni ya maji ikilala mgongoni. Nazisuka kwa mwaka wa ishirini na mbili sasa, na hakuna hata moja iliyowahi kumkatikia mtu njiani. Nakuandikia kwa masikitiko juu ya tangi la maji ya mvua ambalo chama chako kilijenga chini ya bati la nyumba yangu, mimi nikiwa safarini Lubero. Nilirudi nikalikuta limekaa uwanjani kama mgeni asiyejua kuaga.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Zamani Kavugho, mke wangu, alikuwa akiteremka kwenye chemchemi ya bondeni mara tatu kwa siku, nami nilikuwa na amani. Sasa yuko nyumbani tangu asubuhi. Anaona saa ninayoamka, anaona na saa ninayokwenda kwenye pombe ya kasiksi, na anauliza. Nilimwomba ashuke hata mara moja tu, asije akasahau njia. Alinijibu: "Baba Kyakimwa, lakini maji iko hapa pa nyumba. Niende kutafuta nini kule chini?" Nikaondoka mimi, tena ndani ya uwanja wangu mwenyewe.

2. Mgongo wake umenyooka. Nilioa mwanamke mfupi kuliko mimi. Leo tunalingana, na siku ya Misa, akifunga kitambaa, ananipita. Hakuna aliyeniomba ruhusa.

3. Amelima mboga za lenga-lenga na vitunguu nyuma ya jiko, na anapeleka sokoni. Anarudi na habari zote za mji. Zamani mimi ndiye niliyeleta habari mezani. Siku hizi nauliza.

4. Hili ndilo zito, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Binti yetu Kyakimwa anamaliza shule mwaka huu. Tangu tangi lije, hajachelewa darasani hata siku moja, na hilo silipingi. Lakini baada ya wiki sita mashangazi wa mchumba wake watatoka Beni kuja kumtazama, nawe unajua wanaanza kutazama wapi. Wanatazama paji. Penye mfereji wa kamba, pana mfanyakazi. Mama yake anao, kidole kinaingia. Paji la Kyakimwa ni laini kama sahani! Watasema nimemlea juu ya kiti, na mimi ndiye fundi wa kamba wa mtaa mzima. Nitaificha wapi sura yangu?

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu wote, tangi lifungwe kwa wiki hizo sita. Kyakimwa ashuke bondeni asubuhi, mchana na jioni mpaka alama itokee. Mitihani inaweza kungoja mwaka mwingine, mashangazi hawawezi. Kama chama kina huruma zaidi, lifungwe hata kwa nyumba za jirani, ili wasichana wote wapate nafasi sawa.

Wasalimie watoto wako, wasalimie akina mama wote wa chama, na hata yule fundi aliyejenga tangi, ingawa alilijenga vizuri kupita kiasi.

Shemeji yako mwenye adabu,
Kambere Maliro

P.S. Leo ni Jumatatu, na barua bado ninayo. Jumamosi asubuhi niliamua kukupunguzia kazi: nilifungua robine ya tangi, maji yote yakaenda zake. Sikukumbuka kwamba Kavugho alikuwa matangani Bungulu na Kyakimwa yuko shuleni. Saa sita mashangazi wakafika, bila kutoa taarifa, wakaomba maji ya kunywa. Hapakuwa hata na kikombe kimoja.

Nilichukua bidoni ya lita ishirini na kamba mpya, kazi ya mikono yangu, nikashuka. Kupanda, nilianguka mara mbili. Kamba haikukatika. Shemeji, niliomba ikatike.

Nilipoingia uwanjani, shangazi mkubwa alinitazama paji, pale kamba ilipokuwa imechora alama. Akasema: "Tumeona, hapa kwenu kuko batu ba kazi. Mutoto amalize kwanza masomo, tutamungojea."

Donc basi, usifunge kitu. Nasikia mnapanga kujenga matangi mengine kwa ajili ya kiangazi. Niandikeni wa kwanza, mchanga nitaubeba mimi, kwa toroli.

Kavugho alirudi jana. Alama yangu bado inawaka, akanipaka mafuta ya mawese. Nilimwuliza ya kwake iliuma mpaka lini. Alishika kidole changu, akakilaza kwenye mfereji wa paji lake, kisha akaendelea kunipaka.