Kuzoea Hewa ya Misigiri

Jumatatu, 5 Agosti 2024
Balaa! Kwenye mazoezi ya kwaya leo pumzi imekatika katikati ya "milele" ya mwisho. Miaka tisa solo hii ni yangu, haijawahi kukatika. Mwimbaji mwenzangu Chrispin akaidaka, akaimalizia, kisha akaniamkia shikamoo mbele ya akina mama wa sauti ya pili. Nimemzidi miaka minne tu! Nikaitika marahaba kwa shingo upande. Mwalimu Zefania, kiongozi wa kwaya, kasema Jumapili tunakwenda kuimba kanisa la Misigiri, na nikikatika tena solo anapewa Chrispin.

Jumanne, 6 Agosti
Nimepata dawa! Nimempigia shemeji Leonidas, aliyewahi kubeba mizigo ya watalii Kilimanjaro. Kasema huko juu hewa ni nyepesi. Mtu anahema sana, kichwa kinamuuma, na akilala pumzi inasimama kidogo, kisha anashtuka na kuivuta kwa nguvu. Ila ukikaa siku kadhaa, mwili unazoea. Basi! Misigiri iko juu, sisi Kintinku tuko bondeni. Chrispin atahema. Mimi nitakuwa nimeshazoea, maana kuanzia leo nalala juu ya paa bapa la tembe letu. Leonidas alikuwa bado anasema kitu, salio likaisha.

Jumatano, 7 Agosti
Inafanya kazi! Sijalala. Paa limejaa mtama tulioanika, makapi yameniingia hadi masikioni, na upepo ndio usiseme. Kichwa kinauma vizuri kabisa. Alfajiri nikasinzia. Mke wangu Ritha kasema alinisikia akiwa ndani: nakoroma, nanyamaza, kisha nashtuka kama mtu anayezama. Nikamkumbatia kwa furaha. Dalili za mlima hizo! Kasema nafanya hivyo tangu tufunge ndoa, tena kitandani. Sijamwelewa. Labda kitanda chetu nacho kiko juu.

Ijumaa, 9 Agosti
Leonidas kapiga mwenyewe. Kumbe kanuni ya wapanda mlima ni hii: mchana panda juu, usiku shuka ulale chini. Mimi nimefanya kinyume siku tatu! Sasa nimezoea nini? Nimechanganyikiwa. Leo nimeshinda juu ya tembe mpaka jua limezama. Usiku nalala chini ya kitanda, ili niwe chini zaidi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nimejilaza kabisa.
Nilimwuliza pia Misigiri hewa ni nyepesi kiasi gani. Akacheka mpaka akakohoa. Kasema Misigiri watu wanalima alizeti na kukoroma kama kawaida, hewa huanza kuwasumbua wengi wakipanda karibu mara mbili ya hapo. Huyu shemeji ana wivu. Chrispin kapita njiani, kaniona juu ya paa, kanipigia shikamoo kwa sauti na kuuliza kama mzee anaota jua.

Jumapili, 11 Agosti
Naandika kwenye basi la kurudi. Aibu! Ubeti wa pili nilifumba macho kwa hisia. Kwa hisia tu! Ritha anasema nilikoroma kwenye kipaza sauti. Kisha nikanyamaza, na kanisa zima likanyamaza likisubiri. Kisha nikaivuta pumzi kwa kishindo, mtoto mmoja akalia. Chrispin akaishika "milele" mpaka akina mama wakapiga vigelegele. Zefania hakunifokea. Kaniwekea mkono begani, kaniambia, solo mwachie kijana, mzee wangu, upumzike. Zefania ana miaka sitini na mbili! Imeniuma kuliko kufokewa. Nimegeukia dirishani ili Ritha asinione machozi.

Jumatatu, 12 Agosti
Nimelala kitandani saa kumi na moja mfululizo. Nimeamka, nikaingia bafuni, nikajaribu "milele". Imetoka yote! Haikukatika! Ritha kasema ni usingizi tu nilikuwa nimeukosa, na niende zahanati wakanipime huko kukata pumzi usiku. Ritha hajui milima. Mambo yako wazi: dawa imekubali, imechelewa siku moja tu. Tena Chrispin hakuhema Misigiri hata kidogo. Kwa hiyo naye analala juu mahali, kwa siri, na ni juu kuliko tembe langu.
Nyuma ya shule kuna mnara wa simu. Mlinzi wake, Enock, anapenda sana kuku wa kienyeji. Jogoo nimeshamfunga miguu, na mkeka nimeukunja.