Transista Isiyotulia

Jumatatu, 9 Juni 2025. Wiyoni.
Mteja! Wa kwanza tangu Idi ndogo, miezi miwili sasa. Mwalimu Ryan, kijana wa bara anayefundisha hesabu, kaja na gita na mchoro kwenye simu. Anataka nimtengenezee pedali ya kukanyaga kwa mguu, gita likwaruze badala ya kuimba. Tamasha la shule ni tarehe 21. Mchoro unahitaji transista mbili tu, za redio za kale. Ninazo mkebe mzima! Kazi ya saa mbili. Nikamwambia aje kesho tuanze kuchagua. Kanywa kahawa vikombe vitatu, kasifu. Alipoondoka nyumba ikawa kimya mno. Mke wangu Umulkheir alikwenda Malindi kwa binti yetu, kumlea siku arubaini za uzazi. Mjukuu sasa anatambaa.

Jumanne, 10 Juni
Nimegundua ujanja! Transista hizi hazipendi joto. Ukiishika kwa vidole huku unaipima, namba kwenye mita inapanda yenyewe: 80, 95, 130. Basi nikawa nazishika.
"Unaona, mwalimu? Haitulii. Hii haifai."
Tukakataa tisa. Alikaa hadi adhana ya magharibi, akinisimulia mama yake wa Kericho na ng'ombe wao mkorofi. Nilicheka hadi nikakohoa.

Alhamisi, 12 Juni
Tumekataa ishirini na tatu. Leo kaja na mahamri. Nami nilipika wali wa nazi wa watu wawili. Umulkheir kapiga simu tukiwa tunakula. Nikamwambia nina shughuli nyingi, siwezi kuongea. Akasema "haya," akakata simu. Nilijivuna kama dakika tano. Baadaye nikampigia. Hakushika.

Ijumaa, 13 Juni
Balaa! Jabez, fundi simu wa kibanda cha sokoni, kapita nikiwa na mwalimu, eti kunisalimu. Hajawahi kunisalimu. Akatazama vidole vyangu, akamuuliza mwalimu mbona mzee anaikumbatia transista kama kifaranga. Akachukua kibano, akaipima bila kuigusa. 82. Tuli! Akapima zote tulizokataa. Nzuri kumi na sita.
Nikasema ni joto la chumba.
"La chumba, au la mwenye chumba?" Hana adabu hata kidogo.
Mwalimu akainuka. Kachukua gita lake, kaenda.

Jumapili, 15 Juni
Hakuna mtu. Nimepanga transista kwa ukubwa. Kisha kwa rangi.

Jumatano, 18 Juni
Mwalimu karudi! Na gita! Nikaanza kumweleza habari ya unyevu wa bahari. Akanikatiza.
"Bwana Dawud, nilijua tangu Jumanne ile. Fizikia pia nimesoma."
Nikamuuliza mbona basi aliendelea kuja. Akasema chumba chake ni kimoja, jioni zake ni ndefu, na hapa huwa anacheka. Angekuja hata bila pedali. Ijumaa aliondoka kwa kuwa aliona nimeaibika, hakutaka kunitazama usoni. Mimi nikatazama sakafu.
Nikashika kibano. Transista mbili, solda, swichi. Saa moja na dakika arubaini! Akapiga gita. Likanguruma kama boti ya injini mbovu, paka wa jirani akaruka ukuta. Mwalimu akanikumbatia. Kasema Jumamosi nikae safu ya mbele, na Jumatatu atakuja kunywa kahawa, pedali au si pedali.
Maneno matamu, Mungu amzidishie. Lakini ni maneno tu. Nani huja kwa mtu bila haja?
Alipokwenda kunawa mikono, nikafungua kifuniko cha pedali nikalegeza waya mmoja. Kidogo tu. Jumamosi utashika, Inshallah. Jumatatu utaachia.