Shingo ya Kuvutwa

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Nimekwenda kwa daktari wa kukaza shingo. Nyumbani nimeaga napima macho. Ngozi ya kidevuni inaning'inia kama pazia lililokosa ndoano. Juzi muuza viatu kamwuliza wifi kama mimi ni mama yake, na wifi kanizidi umri! Tangu hapo chakula hakipiti.

Daktari kaeleza. Atachana nyuma ya masikio, avute misuli iliyolegea, aishone, ngozi iliyozidi akate. Halafu kidevu kinafungwa bendeji, wiki nzima nisiongee ovyo. Nikamwambia mimi si msemaji. Nikamweleza na ya mama mkwe, na ya jirani, na ya ndoa ya nesi wake. Kasema nikajaribu kunyamaza siku tatu kwanza, ndipo anipangie.

Jumanne, tarehe 4
Nimejifunga mtandio toka kidevuni hadi utosini. Nimewaonyesha kwa mkono kwamba ni jino. Mume wangu kauliza kama jino huweza kuuma mwezi mzima. Uso wake ulikuwa na furaha mno. Hadi saa nne kimya. Kisha fundi cherehani kapita na habari za mpangaji wa juu. Sasa ningefanyaje.

Jumatano, tarehe 5
Balaa. Mchana nimejilaza chali, mtandio kidevuni, pamba masikioni nisisikie umbea wa dirishani. Wifi kaja, kaita, sikusikia. Kaangua kilio. Kumbe ndivyo maiti anavyofungwa kidevu. Majirani wakajaa. Nilitaka kuamka, ila walianza kunizungumzia, nikachomoa pamba moja taratibu. Fundi cherehani kasema roho nzuri nilikuwa nayo, kifua cha kutunza siri ndicho sikujaliwa. Wifi, katikati ya kwikwi, kasema angalau shingo imenyooka, nimekuwa kama msichana. Nikakaa kitako nikamwomba arudie. Wakatoka wote, wengine kwa dirisha.

Ijumaa, tarehe 7
Daktari kauliza siku tatu zimekwendaje. Nimemweleza zote, mpaka nesi akawarudisha wagonjwa wengine nyumbani. Kakataa kunipasua. Anasema hakuna uzi utakaodumu kwenye kidevu hiki. Nimelia njia nzima.

Jumamosi, tarehe 8
Nimepata daktari mwingine, ng'ambo ya mji, hanijui. Kanipangia wiki ijayo. Lakini safari hii ni siri, mdomo nimeufunga. Anayejua ni wifi tu, na fundi cherehani, na foleni ya duka la mikate. Mwenye duka alikuwa jikoni, hakusikia vizuri. Kesho nitamrudia.