Malalamiko Dhidi ya Kuitwa Dereva wa Hatari Ndogo

Bi. Ciakuthii Kaberia,
Githongo, Meru.
9 Agosti 2012

Kwa Meneja,
Bima ya Ngao Tulivu,
Tawi la Embu.

Ndugu Meneja,

KUH: KUWEKWA KATIKA KUNDI NISILOSTAHILI

Natumaini barua hii inawakuta wazima hapo ofisini. Mimi pia ni mzima, na huo ndio msingi wa malalamiko yangu.

Juzi nilipokea karatasi za kufanya upya bima ya gari langu. Ya kwanza ilinishukuru. Ya pili ilisema nimewekwa katika kundi la "madereva wa hatari ndogo", na kwa sababu hiyo nimepewa punguzo. Nilivua miwani, nikaifuta, nikasoma tena. Ndugu Meneja, silitaki punguzo hilo. Naomba mlirudishe mlikolitoa na mnipandishe hadi kundi la hatari kubwa, pamoja na malipo yake yote.

Ili msidhani mnaandikiwa na mtu aliyechanganyikiwa, nitajieleza. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha Kiswahili katika shule ya msingi pande za Kaaga, na sasa nakaa Githongo na kahawa yangu. Marehemu mume wangu, Kaberia, alikuwa mtu mwema aliyeendesha pikapu kana kwamba tumebeba mayai, hata siku tulizobeba mbolea. Nilikaa kando yake miaka yote hiyo, mguu wangu wa kulia ukikanyaga sakafu mahali ambapo pangekuwa na eksileta. Alipotutoka nilimlilia sana, na bado namlilia. Kisha nikastaafu, nikanunua gari aina ya Starlet lenye turbo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa ipate nguvu, kutoka kwa daktari kijana wa Meru, ambaye mkewe alikuwa amejifungua mapacha na kumwambia achague.

Kwa macho ni kigari cha mwalimu tu: milango miwili ya kuingilia na mmoja wa nyuma wa kutilia kabeji. Lakini ukikanyaga, turbo inaamka, na kabeji zinahamia upande mwingine. Sasa malalamiko yenyewe.

1. Fomu yangu ilijazwa na karani wenu, Nelius, kwa njia ya simu. Ni msichana mwenye sauti nzuri na sina ugomvi naye, ila alianza kwa kuniita shosho, na mimi sikumzaa mama yake. Aliniuliza, "Shosho, gari unalitumia kwenda wapi?" Nikamwambia, "Embu." Akauliza, "Embu unaenda kufanya nini?" Nikamjibu, "Kurudi." Alicheka kwa muda mrefu. Nakala ya fomu ilipofika, nilikuta ameandika: "Kanisani na sokoni." Hilo ni jibu lake, si langu. Kutoka Githongo hadi Embu kuna kona za Mutonga na za Thuci, na mtu aliyezipita katika gia inayofaa haulizwi tena anaenda kufanya nini. Pale daraja la Nithi, lililoua wengi, napunguza mwendo kama kila mtu mwenye akili. Kwingine naendesha.

2. Mpwa wangu Riungu ana gari la aina hiyohiyo, na ni mteja wenu pia. Yeye mmemweka katika hatari kubwa kwa sababu ni kijana. Mnamtoza zaidi, na hilo limempa kichwa. Siku ya kupokea mahari ya dada yake alizungukwa na wanaume watu wazima wakimsikiliza akieleza habari za turbo, huku mimi nikipewa kazi ya kuhesabu vikombe. Wiki iliyofuata nilimkuta kwenye mlima wa kutoka Mutonga, gari limemchokea katika gia ya nne. Nilishuka hadi ya tatu, nikawasha indiketa, na mahali mstari wa katikati ya barabara ulipokatika nikampita. Jioni alinipigia simu. "Shangazi, ni wewe ulinipita?" Nikamwambia sikumwona. Ndugu Meneja, kwa mujibu wa karatasi zenu, siku hiyo hatari kubwa ilipitwa na hatari ndogo, tena kwenye mlima. Sielewi mnapiga vipi hesabu zenu.

3. Mlinitumia zawadi ya mto wa kuegemeza mgongo, umeandikwa "Mwendo wa Amani". Naurudisha pamoja na barua hii. Kiti changu ni kile cha asili kilichokuja na gari, chenye mabega ya kumshika dereva kwenye kona, na hakihitaji msaada.

4. Kasisi wetu, Salesio, amewekwa kundi moja na mimi. Alinionyesha karatasi yake kwa furaha, akisema sasa tuko pamoja. Kasisi Salesio huendesha katikati ya barabara akikagua mahindi ya watu kulia na kushoto, na amewahi kusimama ndani ya mzunguko wa Makutano kuwasalimu waumini. Mimi nakagua hewa ya tairi kila Jumamosi na nabadilisha oili kabla haijadai. Ikiwa yeye ni hatari ndogo, basi neno hilo halina maana, na mimi kama mwalimu wa Kiswahili siwezi kulibeba.

5. Kuhusu matunzo kuna jambo linalonitia aibu, lakini naona nilieleze. Fundi wangu wa Embu, Ndambiri, alinifundisha kwamba turbo iliyofanya kazi haizimwi ghafla. Injini inaachwa ingurume kidogo, ipoe kwanza. Kwa hiyo kila Jumapili nikifika kanisani nabaki ndani ya gari, mikono kwenye usukani, macho nimeyafumba ili nisikilize kama kuna mlio mgeni. Waumini wamekuwa wakinitazama. Mwezi wa tano walinichagua mwenyekiti wa kikundi cha maombi, wakisema hawajaona mtu anayejiandaa namna hiyo kabla ya ibada. Nilijaribu kukataa wakasema huo ni unyenyekevu. Sasa naongoza maombi ya Jumatano kwa sababu ya turbo, nanyi mmeongeza juu yake karatasi ya hatari ndogo. Mtu ataanzia wapi kujieleza?

6. Mkaguzi wenu, Njue, alikuja nyumbani kuliangalia gari. Nilimpa chai na ndizi za kuchemsha. Alifungua boneti akaifunga upesi, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu na kukuta kuna mtu. Aliuliza ile filimbi inayosikika ukiachia eksileta ni ya nini. Nilimweleza ni pumzi ya turbo. Akaandika kwamba huenda tairi inavuja. Kwa kuwa sikutaka apotoshe kampuni, nilimwomba aingie nikamwonyeshe barabarani. Alikubali. Kabla hatujafika lami alikuwa anaongea habari za shule ya watoto wake. Tulipofika lami aliacha kuongea. Alishika mpini ulio juu ya mlango kwa mikono miwili, na tulipokaribia Kaaga aliniomba kwa adabu nimshushe, ingawa gari lake lilikuwa limebaki kwangu Githongo. Alilifuata kesho yake akiwa na mkewe. Na bado ripoti yake inasema: "Mteja ni mama mwenye heshima. Hatari ndogo." Naomba Njue aulizwe, bila kutishwa, kama aliandika hivyo kwa huruma au kwa kuogopa kurudi kukagua.

7. Mwanangu Mukiri, aliye Nairobi, amesoma karatasi yenu akafurahi kuliko Kasisi. Alinipigia simu akasema, "Mama, umeona? Hata kampuni inajua wewe si wa mambo hayo. Uza hicho kigari nikununulie kitu cha kukufaa." Hapa, Ndugu Meneja, sitanii. Tangu nizaliwe nimekuwa mtu wa hatari ndogo. Baba yangu aliniona hivyo akanipeleka ualimu. Wakaguzi wa shule waliniona hivyo wakaniachia darasa la tatu miaka nenda miaka rudi. Mume wangu, Mungu amrehemu, hakunipa usukani wa pikapu hata mara moja, na hakuwa mtu mbaya. Nikiwa ndani ya Starlet, mahali barabara inapopinda na chini kunaonekana mashamba ya chai, kuna dakika moja ambapo hakuna anayejua nitafanya nini, hata mimi. Dakika hiyo ndiyo naikatia bima. Nyinyi mmeipa punguzo.

Kwa hayo yote naomba: niwekwe hatari kubwa, nitumiwe barua yenye muhuri inayosema hivyo, na nakala zipelekwe kwa Riungu, kwa Mukiri na kwa Kasisi, ya Kasisi ikiwa na maandishi makubwa kwa sababu ya macho yake. Mkishindwa, nitafika Embu mwenyewe, nikuchukue wewe Meneja hapo mlangoni, twende hadi Kiambere kuliona bwawa na kurudi, kisha uniweke kundi unaloona linafaa.

Msalimie Nelius, na umwambie simchukii. Msalimie Njue na mkewe aliyemleta. Wasalimie pia walinzi wa hapo langoni na yule mama anayewapikia chai, ambaye sijamwona lakini najua yupo.

Ni mimi mteja wenu, niliye hatari kuliko mnavyodhani,

Ciakuthii Kaberia (Bi.)

Nyongeza: Barua hii nilikuwa naipeleka posta asubuhi ya leo. Katika kutoka nyumbani nilirudisha gari nyuma kwa uangalifu mkubwa, nikagonga tangi la maji la jirani yangu Wanjira, ambalo limesimama mahali pake tangu enzi za bei nzuri ya kahawa. Tangi limepasuka na vitunguu vyake vimekwenda na maji. Mlango wangu wa nyuma haufungi tena. Hakuna aliyeumia. Wanjira amelia, nami nimelia naye.

Kwa hiyo naomba fomu ya madai kwa haraka, na malalamiko yote yaliyo hapo juu yachukuliwe kuwa hayakuandikwa. Dereva ni mama mzee, mstaafu, mwenyekiti wa maombi, alikuwa anaenda mwendo wa konokono. Punguzo nalipokea kwa mikono miwili. Ule mto nao nimebaki nao.

Jambo moja tu. Kwenye fomu andikeni ukweli, kwamba nilikuwa katika gia ya nyuma. Lakini Riungu akiwapigia simu kuuliza, tafadhali mwambieni ilikuwa ya tano.