Dawa ya Usukani Unaotetemeka

Tamimu alikuwa na umri wa miaka arobaini na miwili, mashati mawili mazuri, na hakukuwa na mji hata mmoja kati ya Kigoma na Tabora ambao angeweza kuupita mchana bila kushusha kofia usoni. Alifika Mpanda kwa sababu reli inaishia Mpanda, na mtu anayekimbia kwa treni hushukia pale treni inapokataa kuendelea.

Asubuhi ya siku ya tatu alikuwa amekaa kwenye benchi la muuza chai, mkabala na kibanda cha Mwanaiddi, fundi matairi. Ikaja Fuso moja kutoka Majimoto, imejaa mpunga. Dereva wake alishuka akilalamika kwamba akifika mwendo wa sitini usukani unatetemeka hadi meno yanagongana. Alikwisha kubadilisha tairi. Alikwisha kumtuhumu jirani yake kwa uchawi. Sasa alikuwa anafikiria kuacha kazi.

Mwanaiddi alichukua spana. Alifungua gurudumu la mbele, akaligeuza, akachokonoa upande wa ndani wa rimu kwa kipande cha nondo. Likaanguka bonge la tope jeusi la majaruba ya mpunga, limekauka kama tofali na ukubwa wake kama mkate. Akakwangua, akaosha kwa maji, akafunga. Dereva alizungusha gari mpaka mwisho wa lami, akarudi anacheka. Kisha, kwa shukrani zake, akaanza kubishania malipo, kwa hoja kwamba fundi hakuweka kitu chochote kipya kwenye gari.

Tamimu alivuka barabara na kikombe chake mkononi akauliza siri. Mwanaiddi alimweleza bila kuinua kichwa. Gurudumu linataka uzito sawa pande zote; upande mmoja ukizidi, linarukaruka. Gurudumu la gari dogo analipandisha kwenye mashine, mashine inamwonyesha upande mwepesi, anabana hapo kipande cha madini ya risasi. Magurudumu ya malori hayaingii kwenye mashine yake, lakini mara nyingi hayahitaji mashine.

"Ni tope tu, kaka. Ila wenye malori hawataki kusikia habari ya tope. Wanataka ugonjwa wenye jina."

Tamimu aliweka kikombe chini. Wapo watu ambao wakisikia neno la hekima hulitafakari maisha yao yote. Tamimu alilitafakari kwa muda wa kumaliza chai.

Jioni ile alipekua kwenye simu akaona kwamba ng'ambo, kwenye malori na yale magari ya kitalii yenye vitanda, kuna watu wanaotia chembe ndogo ngumu ndani ya tairi. Gurudumu likizunguka, chembe zinakimbilia zenyewe upande mwepesi, na gari linatulia. Jambo hilo ni la kweli na lina wataalamu wake. Tamimu hakuwa na chembe hizo, wala utaalamu. Alikuwa na kijito cha Mwamkulu, ambako mchanga hauna mwenyewe. Aliuchekecha, akautia rangi ya bluu ya kutilia mikeka, akauanika juu ya bati, na baada ya siku mbili akawa Injinia Tamimu, mwenye Dawa ya Balansi.

Sasa tazama ujanja wake, maana hata ujanja wa kipuuzi una ufundi. Kabla ya kutia dawa, injinia alisema gurudumu lazima liandaliwe. Kuandaliwa maana yake lifunguliwe, likwanguliwe ndani, lioshwe. Baada ya hapo alitia nusu kikombe cha mchanga mkavu wa bluu, akafunga, akaweka kiganja juu ya tairi na kunyamaza kidogo, kama daktari anayesikiliza moyo. Gari likaenda, likatulia. Tope lilikuwa limetoka, na sifa zikaenda kwa mchanga. Madereva wale wale waliombishia Mwanaiddi sasa walimwita Tamimu mheshimiwa.

Lakini Tamimu hakuja Mpanda kutafuta heshima ya madereva. Alikuwa ameona gari.

Lilikuwa gari la mzee Malale. Huyu Malale wazazi wake walishuka na ng'ombe kutoka Usukumani, na yeye akaacha ng'ombe akashika mpunga, akaacha jembe akashika malori. Alikuwa na Fuso tatu na sifa moja, nayo ni ubahili. Watalii wawili wazee waliokuja kutazama viboko wa Katavi walikuwa wamemwuzia gari lao walipochoka na safari: Landkruza ndefu yenye chumba mgongoni, kitanda, jiko, sinki, na mapazia ya maua. Malale hakusafiri nalo popote. Alilala ndani yake baada ya chakula cha mchana.

Tamimu alipolitazama gari lile alipatwa na kitu karibu na mapenzi. Miaka ishirini alikuwa ametoka kwenye nyumba za wageni kwa kupitia dirishani. Mwenye gari kama lile hana haja ya dirisha. Anaondoka na nyumba yake. Angeweza kuamka Tunduma leo, Mbeya kesho, na kila mji ungekuwa mji mpya. Bila gari lile alikuwa mwizi wa kawaida anayezeeka. Nalo hilo alilijua.

Alianza kwa ukarimu. Alimwambia Malale kwamba mtu mkubwa hatozwi, atamtilia dawa Fuso zake zote tatu bure, ili mji uone. Malale, ambaye hakuwahi kukataa kitu cha bure tangu azaliwe, alikubali kabla sentensi haijaisha. Kwa siku mbili injinia alilala chini ya malori akikwangua tope la msimu mzima, huku Malale amekaa kwenye kiti cha plastiki akimwelekeza.

"Na huku nyuma, injinia. Yale magurudumu ya ndani, ya pacha. Hapo tope ni jingi."

"Hapo hapaandaliwi sana, mzee wangu."

"Paandae tu. Dawa isije ikakataa."

Fuso zilipotulia, Tamimu akatoa neno lenyewe. Alisema makao makuu ya dawa yanatafuta wakala mmoja wa Katavi nzima na Rukwa yote. Wakala atapewa magunia sita ya dawa na haki ya kuuza peke yake. Wamejitokeza wengi. Yeye binafsi moyo wake uko kwa Malale, na makao makuu, kwa huruma yao, hayataki fedha. Yanataka gari la kufanyia kazi porini. Kama lile pale, kwa mfano.

Malale alitazama gari lake. Akatazama magunia. Akasema atalala juu ya jambo hilo, akaingia ndani ya gari lenyewe akalala kweli, saa mbili nzima. Alipotoka alikuwa na swali moja.

"Mimi magari yangu yanaingia majarubani, injinia. Hizi chembe zako zinavumilia maji?"

Mjanja mwenye akili angesema apewe muda akaulize. Tamimu aliona gari, aliona mapazia ya maua, akasema kwamba chembe zile maji ni chakula chao. Zikilowa ndipo zinafanya kazi vizuri zaidi.

"Basi liandike hilo," akasema Malale. "Mimi ni mtu wa kusahau."

Kesho yake asubuhi wakaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, mwenye muhuri. Tamimu aliandika kwa mwandiko wake wa mikunjo mikunjo, uliokwisha kuwatoa watu machozi ya furaha Urambo na machozi ya aina nyingine Nguruka. Aliandika kwamba chembe hazidhuriki kwa maji. Kwamba zikishindwa kazi katika gari lolote kwa sababu ya maji, gari lililotolewa litarudi kwa Malale, na dawa pamoja na uwakala vitabaki kwake kama fidia. Hakusita. Aliyepanga kuvuka Sumbawanga kabla ya jua kutua haogopi karatasi. Muhuri ukagongwa. Malale akaisoma karatasi mara tatu, kidole kikitembea chini ya kila neno, akaikunja, akaitia mfuko wa shati.

Tamimu akaenda kuoga na kuchukua shati lake la pili. Aliporudi, alikuta gari mbele ya kibanda cha Mwanaiddi, linang'aa, mwenyekiti wa mtaa amesimama pembeni, na madereva sita hivi wamekuja kumuaga. Malale akamkabidhi ufunguo kwa mikono miwili.

"Nimekufanyia heshima ndogo, injinia. Nimemwambia Mwanaiddi akutilie dawa yako mwenyewe, magurudumu yote manne. Vikombe sita sita. Na kwa vile chembe zilikuwa na vumbi, tumeziosha kwanza."

Mwanaiddi alikuwa anafuta mikono kwa tambara. Uso wake haukuwa na habari yoyote.

Watu wote walimtazama injinia. Hakuna jambo gumu duniani kama kushukuru kwa kitu unachojua kitakuumiza. Kusema kwamba mchanga uliolowa unagandamana bonge moja ndani ya tairi kusingewezekana, kwa kuwa hapakuwa na mchanga, palikuwa na dawa. Kusema chembe zitolewe kusingewezekana pia, maana dawa anayoitoa daktari mwenyewe ni dawa gani tena. Tamimu alishukuru. Alishukuru vizuri sana, akawapungia mkono, akaondoka.

Mpaka kwenye kibao cha mwisho wa mji gari lilikwenda kama bibi harusi. Kwenye hamsini likaanza kunong'ona. Kwenye sabini vijiko vikatoka vyenyewe kwenye kabati la jikoni, na pazia moja la maua likamwangukia kichwani. Angekwenda thelathini angefika salama popote alipotaka, siku yoyote. Lakini mtu anayekimbia hawezi kwenda thelathini. Nafsi yake haimruhusu. Alipita Sitalike akitetemeka, akavuka daraja akitetemeka, viboko wakainua vichwa kumwangalia. Ndani ya hifadhi ya Katavi nati za gurudumu la mbele kushoto zilifunguka moja baada ya nyingine, likainama, gari likakaa kando ya barabara kama ng'ombe aliyegoma.

Kutelemka aliogopa simba. Kufungua dirisha aliogopa ndorobo, wale inzi wa porini wanyonyao damu. Akakaa. Joto lilipanda mpaka akafungua dirisha, na hapo ndorobo wakaingia wote. Simba hakuja hata mmoja, ila kufikia saa nane Tamimu alikuwa anamtamani.

Ndipo ikatokea Fuso ya Malale, inakwenda Majimoto kuchukua mpunga. Manyanda, dereva, alikuwa kwenye usukani, na Malale pembeni yake anakula karanga. Fuso ilisimama kwa utulivu kabisa.

"Injinia," akasema Malale kutoka juu. "Kumbe maji yamezidhuru chembe zako."

Tamimu alianza kueleza kwamba kasoro ni ya gari, barabara, pengine hali ya hewa. Malale alimwacha amalize. Kisha akatoa karatasi mfukoni, akamnyooshea.

"Nisomee. Mwandiko ni wako, utausoma vizuri kuliko mimi."

Tamimu hakusoma. Akauliza kitu kimoja tu, tena kwa sauti ya mtu anayeomba maji. Tangu lini mzee amejua.

"Mimi nimelima Majimoto miaka ishirini, baba. Tope unanifundisha wewe? Mwanaiddi ananiambia kila mwaka nikwangue zile rimu. Ila yeye anataka kulipwa."

"Sasa mchanga wangu wa nini kwako?"

"Tope kila mtu analo na hakuna anayelilipia. Wewe umelipatia jina." Malale akatupa maganda ya karanga nje. "Jina hilo sasa ni langu, lina muhuri. Panda huku nyuma, au baki na hao wadudu wako."

Akapanda. Manyanda alifunga gurudumu kwa nati alizoazima kwenye mengine, akalivuta gari lenye mapazia kwa mnyororo, Malale akiwa kwenye usukani wake, kwa mwendo wa thelathini, hadi kituo cha askari wa hifadhi, lisubiri kuchukuliwa. Tamimu alikaa juu ya magunia matupu, uso umevimba, akaendelea na safari hadi Majimoto, mahali ambapo hakuwa na mpango wowote wa kwenda.

Leo ukipita Mpanda utaona kibao: Wakala Pekee wa Dawa ya Balansi, Katavi na Rukwa. Mwanaiddi anakwangua, sasa analipwa, na Malale anatia kijiko kimoja cha mchanga mkavu wa bluu na kunyamaza kidogo. Foleni haiishi. Watu wenye macho mawili kila mmoja wanatazama bonge la tope likianguka chini, wanaliruka, wanakwenda kushukuru kijiko.

Na Tamimu yuko Majimoto, kwenye maegesho ya malori, amelala chali chini ya Fuso na nondo mkononi, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi pekee aliyowahi kuijua vizuri. Wiki iliyopita dereva mmoja mgeni aliinama akamuuliza kama ile dawa ya bluu anayo. Tamimu akaangusha bonge la tope kwenye vumbi, akafuta jasho, akasema neno la kweli, la kwanza kwa miaka mingi:

"Hakuna dawa, kaka. Ni tope tu. Nimelitoa, gari lako limepona."

Dereva alimtazama kuanzia miguuni hadi usoni, mtu mwenyewe amejaa matope mpaka masikioni. Akatema mate pembeni.

"Nyie matapeli wa vichochoroni ndio mnaharibia watu magari," akasema, akawasha Fuso, akaondoka kuelekea Mpanda kutafuta dawa yenyewe.