Nirudishieni Mke Aliyejua Kungoja

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
Mafunzo ya Wafanyabiashara Wapya,
Lomé.

Pokea salamu zangu, pamoja na maumivu ya kichwa yaliyonifanya nikuandikie.

Mimi ni Komlavi, mume wa Ablavi, anayeuza ablo, ile mikate ya mahindi ya mvuke, mtaani Bè. Kabla hamjamfundisha, tuliishi vizuri. Alikaa na wenzake wenye ablo zile zile, wateja waje wasije, na jioni tukala zilizobaki huku tukiilaumu serikali. Ndoa ilikuwa na mazungumzo.

Kisha mwalimu wenu akamwambia, "Dada, usingoje mteja, mfuate. Fanya asichofanya jirani." Matokeo yake ni haya:

1. Kesho yake alitia nazi kwenye ablo, akawapelekea mafundi cherehani kabla njaa haijawauma. Wenzake wakamwuliza, "Ablavi, we umelogwa?" Akajibu, "Nimesoma." Tangu hapo wananisalimia kwa kununa.

2. Mjomba alipofariki, nililia kama inavyopasa. Ablavi akanishika bega, nikadhani ananifariji. Akaninong'oneza, "Baba Edem, hawa wapiga tarumbeta wamekula?" Jeneza lilipofika, tarumbeta zote zilikuwa zinatafuna ablo. Tulizika kwa ngoma tupu.

3. Mafuriko yalipoingia mtaani, majirani walipanda juu ya meza wakailaani manispaa, kama ilivyo desturi. Yeye akaazima mtumbwi, akapakia ablo. "Shika kasia, baba, watu hawajanywa chai!" Nikapiga kasia, mimi mwenye baridi yabisi, watu wakinishangilia madirishani. Moyo ulifurahi kidogo, lakini hilo msiliandike.

4. Nikamshtaki kwa wazee wa ukoo. Akaja na sinia la ablo. Wakala, wakajifuta midomo, wakaniuliza, "Komlavi, kwani wewe una shida gani?" Sasa wanataka kikao kila wiki. Kesi zimewaishia, hivyo wanapita nyumba kwa nyumba wakiomba wanandoa wagombane. Kaka yangu na mkewe, wapendanao, wametengana hadi Jumapili kwa heshima ya wazee.

Naomba mwalimu aje alitoe somo hilo kichwani mwa mke wangu. Likikataa kutoka, nipeni mke mwingine wa aina ile ya kwanza.

Wasalimieni walimu, mpishi, na mama wa mapokezi.

Wako ninayeteswa na maendeleo,
Komlavi Agbenu

Baada ya sahihi: Barua hii ilikuwa ikingoja mtu wa kuileta. Leo nimechoka, nimeileta mwenyewe. Niko getini. Mlinzi anasema darasa jipya linaanza sasa hivi na kiti kimoja kiko wazi. Nishikieni hicho kiti. Barua mtaisoma baadaye, au msiisome kabisa.