Diski Changa Kuulizwa Kabla ya Wakubwa Zake

Kwako Mdogo Wangu, kitindamimba wa nyumba yetu na fundi wa kompyuta,

YAH: DISKI MPYA KUPEWA NAFASI YA KWANZA

Natumaini barua hii itakukuta salama. Hapa nyumbani mimi ni mzima na wifi yako ni mzima. Mgonjwa ni mmoja tu, naye yuko juu ya meza yangu, amefunikwa kitambaa. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu utakayoielewa ukiendelea kusoma.

Haki lazima itendeke hata kwa mtuhumiwa, kwa hiyo naanza na mema yako. Jumapili ulikuja bila kuitwa mara mbili. Kompyuta yangu ilikuwa nzito. Nilikuwa nikiiwasha, naenda kunyoa ndevu, narudi naikuta bado inajikusanya. Ukaifungua kwa bisibisi, ukapachika diski mpya, nyepesi kama biskuti, ukahamishia humo kila kilichokuwa katika diski ya zamani. Ile ya zamani ukaifuta, ukaiachia kazi ya kutunza picha za familia. Kompyuta ikawaka kabla sijaketi. Nilikushukuru, na shukrani hiyo sijaiondoa. Sasa inafuatwa na malalamiko haya.

1. Kabla hujaondoka ulinionyesha ukurasa wa mipangilio, ule wa bluu, ambao huiambia kompyuta ikiamka imuulize nani kwanza mahali ulipo mfumo wa kuiendesha. Nilisoma kwa macho yangu. Wa kwanza: diski mpya. Wa pili: diski ya zamani. Wa mwisho kabisa: kidroo cha sidii, ambacho ni kikongwe kuliko vyote, kwani nilikihamisha kutoka kompyuta yangu ya kwanza. Nilipokuuliza huu ni utaratibu gani, ulicheka ukasema, "Kaka, hii ni kompyuta, siyo picha ya ukoo. Anaulizwa mwenye jibu. Hapa usiguse." Mdogo wangu, katika miaka yangu yote ya ualimu mkuu sikuwahi kuona kikao ambacho aliyeingia asubuhi anapewa neno kabla ya aliowakuta.

2. Ulipofunga geti tu, nilirekebisha kosa hilo. Nilifuata umri: kidroo cha sidii kwanza, diski ya zamani pili, diski changa mwisho. Nikahifadhi mabadiliko, nikaizima kompyuta kwa heshima zote. Huna haja ya kunishukuru.

3. Tangu hapo kompyuta haijawaka. Naomba uzingatie kwamba mambo haya mawili hayahusiani.

4. Badala ya kuwaka, huanza kwa kidroo kunguruma kwa muda mrefu, kama mtu anayesafisha koo, kisha kioo kinakuwa cheusi na maandishi meupe yanatokea, yakisema kuwa mfumo haukupatikana, na kwamba nibonyeze kitufe chochote. Hakuna salamu. Hakuna jina la aliyeutafuta, wala maelezo ya mahali alipotafuta. Na "kitufe chochote" si maelekezo ya mtu mwenye nia njema. Nimevibonyeza vyote, kuanzia A, bila kuruka. Jibu ni lile lile. Hata wanafunzi wangu watoro, uongo wa jana walikuwa wakiubadilisha leo.

5. Baada ya kutafakari, nimegundua kiini cha tatizo: diski changa imesusa. Iliwekwa mbele, ikaonja ukubwa, na iliporudishwa mahali pake ikagoma. Nilimweleza wifi yako, ambaye alikuwa akikunja nguo. Akaniuliza, "Baba, si ndipo pale ulipoambiwa usiguse?" Nikamjibu kwamba kusahihisha si kugusa. Akasema, "Haya," kwa ile sauti yake. Unaijua.

6. Ndani ya kompyuta hiyo imo hotuba yangu. Unafahamu kwamba Jumamosi ukoo unakutana hapa kwangu kuchagua wa kuongoza vikao vyetu, kwa kuwa baba mdogo ameomba apumzike baada ya masikio kumchoka. Hotuba hiyo inaitwa "Maneno ya Kukubali Uongozi". Niliiandika kabla ya uchaguzi kwa sababu napenda kufanya mambo mapema. Nakala nyingine sina, na nikisimama mikono mitupu mbele ya ukoo mzima, watasema nimezeeka.

7. Hapa ndipo penye uzito. Nimesikia kwamba watoto wa kaka yako wa kati wanapita nyumba kwa nyumba wakisema uongozi upewe wewe. Wanadai kwamba mama mdogo alipolazwa, ni wewe uliyepanga zamu za kumwangalia, na kila mtu akajua siku yake. Hawasemi kwamba mimi nilikwenda pale kitandani nikatoa maneno ya kumfariji, maneno mazuri, ingawa mgonjwa alipitiwa na usingizi katikati. Mmoja wao, kwa majina waliyotubandika wewe na mimi, alisikika dukani akisema, "Shangazi Bisibisi ukimwita anakuja. Baba Mkubwa Nukta ukimwita anatoa utangulizi." Watu wakacheka. Muuza duka pia alicheka, na mimi ni mteja wake.

Sasa nimeelewa uasi huu ulikoanzia. Ulianzia kwenye kompyuta yangu, katika ukurasa wa bluu. Leo diski, kesho ukoo; keshokutwa mtoto mchanga atafungua kikao na sisi tutamnyamazia tumsikilize akilia.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na naomba kwa upole. Diski changa ikae ndani ya kompyuta bila kuulizwa chochote hadi itakapokomaa. Maandishi ya kwenye kioo yaandikwe upya, yaanze na "Shikamoo". Na wewe mwenyewe uwaambie hao watoto kwamba hutaki uongozi, kisha uje kuitengeneza kompyuta ili niweze kuisoma hotuba ya kuukubali mimi. Ukifanya hivyo nitakuwa nimekusamehe kabla ya chakula cha mchana.

Msalimie shemeji, wasalimie wanao wote, na yule bwana anayeshinda kwenye banda lako la ufundi bila kuwa na kitu kilichoharibika, naye mpe salamu zangu. Wifi yako anasema hana la kuongeza.

Ni mimi kaka yako, mkubwa wa wote, mwenye kustahili kuulizwa kwanza,

Mwalimu Mkuu Mstaafu

Tanbihi: Kabla ya kuifunga bahasha niliona ni vyema nikusanye ushahidi wa kosa lako. Nilirudi kwenye ukurasa wa bluu, nikaupanga kama ulivyoupanga wewe, nikamwita wifi yako awe shahidi wa kushindwa kwa mpangilio huo. Kompyuta iliwaka kabla hajaliweka chini shati alilokuwa amelishika. Akasema, "Haya." Hii ilikuwa nyingine.

Nimeelewa kilichokuwa kikitokea. Kidroo kilikuwa kikiulizwa, kinanguruma, hakisemi kitu. Kisha inaulizwa diski ya zamani. Jibu haina; lakini badala ya kusema aulizwe mwenzangu, ilikuwa inasimama mlangoni na kutangaza kwamba jibu halipo kabisa. Na diski changa imekaa nyuma yake muda wote, inalo, haijasusa, inangoja tu kuulizwa.

Nimeifungua hotuba yangu. Niliisoma nikitafuta mahali utangulizi unapoishia. Sikupaona. Nimeifuta.

Jumamosi ufungue kikao wewe. Hao watoto nitawaambia mimi mwenyewe, kwa sentensi moja. Mimi nitaketi wa pili, nitunze picha. Ni lazima awepo anayewajua waliomo. Na mtu akikosea akaniuliza mimi kwanza, nitamwelekeza kwako.

Ila naomba, mara moja moja, wakosee.